Afande Amelala

Simu ilimkuta Feresita sokoni Bwera, ameinama juu ya gunia la maharage, mkono umezama hadi kiwikoni. Alikuwa akipekua kama mwenye kibanda amefukia yaliyotobolewa na wadudu chini ya yale mazuri. Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Alikuwa Oryem, rafiki wa mumewe tangu jeshini, ambaye sasa anakaa Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese. Asubuhi hiyo mumewe, Kezironi Kathembo, alikuwa ametoka nyumbani kwao Karambi kwenda kumsaidia Oryem kujenga banda la kuku.

"Shemeji," Oryem alisema, kwa Kiswahili chake kilekile cha kambini, "afande iko amelala."

"Basi mwamshe," Feresita alijibu. "Mwambie kulala mchana hana ruhusa. Yeye mwenyewe anajua amri."

Upande wa pili wa simu mtu alikuwa akigongomea msumari, kisha akaacha.

"Shemeji, sisemi usingizi. Tulikula, akakaa kwa kiti, akafunga macho. Mimi niliambia watu, nyamazeni, afande anapumzika. Kumbe alikuwa anaenda. Daktari amekuja, amesema ni moyo."

Feresita alichomoa mkono kutoka kwenye gunia. Mwenye kibanda alimuuliza kama anayachukua maharage au anayachezea tu.

"Funga gunia zima," Feresita alisema. "Kwangu kunakuja watu."

Hakulia pale sokoni. Alimwambia Mungu kimoyomoyo kwamba amemchukua mtu wake na yeye hana la kupinga, lakini asikubali watu wamwongezee uongo juu. Kwa maana alijua, hata kabla gunia halijafungwa kamba, kitakachosemwa Karambi jua likizama. Watasema ile mashine aliyokuwa akilala nayo imemmaliza. Na Benon, mwana wao, atawasikia na kuwaamini.

Anayetaka kujua kwa nini mke aliyefiwa alijibu simu ile kwa kutoa amri, lazima amjue Kezironi kwanza.

Alizaliwa Karambi, kwenye mteremko ambao mvua kubwa ikinyesha, mihogo ya mtu wa juu huvunwa na mtu wa chini. Aliingia jeshini angali kijana, na huko alikutwa amesinzia kwenye lindo. Afisa wake hakumpiga. Alimrusha kichura, bunduki juu ya kichwa, kuzunguka uwanja wa gwaride mpaka magoti yakakataa. Halafu, kila asubuhi baada ya hapo, alimsimamisha mbele ya wenzake na kumuuliza kwa upole, "Kathembo, umelala?" Kikosi kizima kilicheka. Tangu hapo usingizi kwake uliacha kuwa mapumziko, ukawa kosa. Alipojilaza, mwili wake ulibaki ukingoja filimbi.

Juu ya hilo, alikuwa na shingo nene, na alikoroma. Oryem, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani, alipenda kusimulia kwamba panya wa bweni lao waliomba uhamisho. "Na kisha anakata," Oryem alisema. "Krrr, krrr, halafu hakuna kitu. Mimi najiuliza, amekufa huyu? Halafu anarudi kama mutu anatoka ndani ya maji."

Hivyo ndivyo alivyorudi Karambi baada ya kustaafu, akiwa na mke aliyemwoa kambini, kahawa ya kutunza, na magonjwa mawili ambayo hakuna aliyeyajua kwa jina. Nyumbani, yeye na Feresita waliendelea kuongea Kiswahili cha jeshi kama utani wao wa ndani. Kanisani walimchagua kuwa mzee wa kanisa, naye akawa anasinzia kwenye benchi la mbele kabisa, akikoroma kwa nguvu kiasi kwamba mchungaji alijifunza kupandisha sauti kila alipofika sehemu ya pili ya mahubiri.

Lakini lililomkosanisha na watu lilikuwa salamu. Huku kwetu watu wakikutana asubuhi husema *wabukire*, yaani umeamkaje, na mtu mwenye adabu huitikia kwa kukubali tu, hata kama nyumba yake imeungua. Kezironi hakukubali. Alikuwa amesimamishwa mbele ya kikosi akaulizwa swali la usingizi miaka mingi, na aliapa kwamba hatalijibu tena kwa uongo.

"Wabukire," kaka yake Tsongo alimwambia asubuhi moja kando ya kisima.

"Sikulala," Kezironi akajibu.

"Sijakuuliza kama umelala. Nimekusalimu."

"Nami nimekujibu."

"Unaiharibu asubuhi yangu, mdogo wangu. Mtu akisalimiwa anaitikia. Na unasemaje hukulala? Mkeo anasema unakoroma mpaka mbuzi wanaamka."

Hapo ndipo watu wote waliposimama, na Feresita pamoja nao: mtu anayekoroma amelala, na anayesema hakulala ni mwongo, au ana jambo anafanya wakati wenzake wamelala. Hilo la pili lilinong'onwa. Kuna watu milimani kwetu wanaosemwa kwamba hucheza uchi kwenye nyua za wengine wakati wa giza, na mzee wa kanisa kuitwa mmoja wao si jambo la kuchekwa. Mama mmoja alihama benchi. Kezironi aliliona, akahamia benchi lilelile alilokimbilia, akakaa kando yake.

"Ukiniogopa, niogope kwa karibu," alimwambia.

Alinunua vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa. Viliuangusha mwili lakini havikumpumzisha, na pumzi ikawa inakatika kwa muda mrefu zaidi. Feresita alizoea kulala na kiganja kifuani pa mumewe, akimsukuma kila kifua kiliposimama, mpaka naye akawa hana usingizi. Mwishowe alimchukua hadi kliniki moja Bwera, ambako kulikuwa na muuguzi, sista Nabirye, Msoga mfupi mwenye maswali mengi.

"Mzee anasema halali," Nabirye alisema. "Nani analala karibu naye?"

"Mimi," Feresita alisema.

"Basi mzee nyamaza kidogo, nisikie shahidi."

Feresita alieleza yote: kukoroma, kukatika, kushtuka, kisha saa nyingi za kugeuka huku na huku macho wazi. Sista alisikiliza, akauliza vidonge gani, akavitupa pipani mbele yao. Aliwatuma kwa daktari wa Kasese, na daktari akampa Kezironi kifaa kidogo cha kufunga kidoleni na kifuani, alale nacho nyumbani. Majibu yalipotoka, Nabirye aliwaeleza kwa maneno ambayo Feresita aliyashika neno kwa neno.

"Mzee ana magonjwa mawili, na yanalindana. Wa kwanza, koo linajifunga akilala, pumzi inakatika, ubongo unamwamsha ili asife. Wa pili, ubongo umezoea kuamka, sasa unaogopa kitanda chenyewe. Tukitibu mmoja tu, mwingine utaharibu tiba. Nikimpa vidonge, koo litajifunga zaidi. Nikimpa mashine peke yake, atakaa macho amevaa mashine, na wiki ijayo ataitupa."

"Kwa hiyo sikudanganya," Kezironi alisema.

"Hukudanganya. Ulikoroma, na hukulala."

Kezironi alimgeukia mkewe, kisha akainuka. Njia nzima ya kurudi Karambi alitembea mbele ya Feresita akipiga mluzi, kama mtu aliyeshinda kesi.

Mashine ilikuja kupitia watu wa dayosisi, waliopata chache zilizotumika. Ni kisanduku kinachosukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye kinyago cha puani, ili koo lisijifunge. Ilitumia umeme wa jua na betri. Na kama sista alivyosema, Kezironi aliitupa, si baada ya wiki, bali asubuhi ya kwanza. Feresita aliikuta migombani, akaiosha, akairudisha kwa Nabirye, Kezironi akimfuata nyuma.

"Amesema ni kama kulala na pua ndani ya bomba la baiskeli."

"Tulianza vibaya, basi. Leo asiivae kitandani. Aivae mchana, amekaa, anasikiliza redio. Izoeleke kama kofia. Na usingizi wenyewe tutaufundisha upya, kama kuruta."

Neno hilo, kuruta, ndilo lililofungua mlango. Kezironi alikaa wima kwenye kiti. Nabirye aliziweka amri zake: kuamka saa ileile kila siku, usingizi uwe umekuja au umekataa. Kutolala mchana. Kitanda ni cha kulala tu, si cha kuwaza wala kuhesabu vikonyo vya kahawa. Usingizi ukigoma, atoke kitandani, akae kwenye kiti na kazi ndogo, arudi akisinzia. Na kwa mwanzo achelewe kwenda kulala, mpaka usingizi umtafute yeye. Kisha muda uongezwe polepole. Wiki hizo, asipande mti wala asiendeshe chombo chochote, maana atakuwa na usingizi mwingi mchana, na sista atamwangalia kwa karibu.

"Nani atasimamia?" Nabirye aliuliza.

"Huyu," Kezironi alisema, akimwonyesha mkewe. "Amesubiri kunitawala muda mrefu."

Ndivyo Feresita alivyopanda cheo akawa afande wa nyumba. Mumewe alipojinyoosha kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, alimsimamia juu. "Kuruta, nani amekupa ruhusa?" "Macho tu yamefumba, afande." "Fumbua. Maharage yale hayajachambuliwa." Kezironi alichambua maharage mengi kiasi kwamba majirani wa Karambi waliuliza kama anafungua duka. Alinung'unika. Alimwita mkewe majina ya maofisa waliokufa. Mara mbili alivua kinyago akasema basi, bora afe anavyojua kufa. Na mara zote mbili Feresita alikichukua, akakivaa mwenyewe, akaketi nacho mbele yake mpaka akacheka.

"Unafanana na ndovu aliyeokoka," alimwambia.

"Nawe utafanana na maiti aliyekaidi. Vaa."

Hakikuwa kitu cha muujiza, ingawa Feresita alimshukuru Mungu kwa kila siku yake. Kilikwenda polepole, kikarudi nyuma, kikaenda tena. Mpaka asubuhi moja Tsongo alipita njiani na jembe begani, akatupa salamu bila kungoja jibu, kwa kuwa alikwisha kata tamaa na jibu.

"Wabukire."

"Eee," Kezironi aliitikia. "Nimelala."

Tsongo alisimama. Kezironi hakumpa nafasi ya kusema. Aliifuata njia nyumba kwa nyumba, akawasalimu watu ambao hata hawakuwa wameosha uso, ili wamsalimu naye ajibu. Alimkuta yule mama wa benchi akifagia.

"Niulize nimeamkaje," alimwambia.

"Umeamkaje, mzee?"

"Vizuri. Sasa rudi benchi lako."

Miaka aliyolala ilikuwa michache kuliko ile aliyokosa. Moyo wake, daktari alisema, ulikuwa umekwisha kuchoka kabla mashine haijafika. Alimpa dawa za presha, naye alizimeza. Jambo pekee alilokuwa akilihangaikia lilikuwa Benon. Benon anaendesha Fuso ya vitunguu kati ya Bwera na Kasese. Ana shingo ya baba yake. Anakoroma, anakatika, na mkewe Olivia anasema huamka akakaa ukingoni mwa kitanda, macho makavu. Juzijuzi tu aliikuta Fuso yake ikiwa na magurudumu mawili nje ya lami, naye asijue ilivyofika huko. Kezironi alimwambia aende kupimwa. Benon alisema ataenda vitunguu vikipungua bei. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya mwisho.

Kwa hiyo Feresita alipofika nyumbani na gunia la maharage, na mwili ulipofika nyuma yake ukisindikizwa na Oryem, hakushangaa kukuta wanaume wa ukoo wameketi chini ya ukingo wa paa la jikoni, Tsongo katikati, wakiongea chini chini. Benon alikuwa miongoni mwao, kichwa kimeinama.

Oryem alimjia kwanza. "Shemeji, mimi nilinyamazisha watu. Ningeshtua yeye..."

"Hukukosa, shemeji. Aliondoka akiwa ameshiba, kwa rafiki yake. Kaa ule."

Kisha Tsongo akaita. "Mke wetu, tumezungumza. Kile kisanduku kitie ndani ya jeneza. Kiende naye."

"Kwa nini, Baba Mkubwa?"

"Kilikaa usoni pake kikinywa pumzi yake. Kitu kilichokunywa pumzi ya mtu hakibaki nyumbani kutafuta mwingine."

"Desturi hiyo ni ya nani? Nimeolewa hapa, nimezika hapa mama mkwe na baba mkwe. Sijawahi kuisikia."

"Hata mashine hiyo hatujawahi kuisikia. Kitu kigeni kinatafutiwa desturi yake."

Wanaume wakaguna kukubali. Feresita alijifunga leso kiunoni.

"Kezironi amekufa mchana," alisema, "Rukoki, kwenye kiti, bila mashine. Mashine ilikuwa hapa kwangu juu ya meza. Ilimnywaje pumzi kutoka Karambi?"

Tsongo akamgeukia Benon. "Wewe ndiye mwanawe. Sema wewe."

Benon alisema bila kuinua kichwa, "Mama, mimi siitaki. Hata ukiibakisha, siwezi kuvaa kitu cha marehemu. Baba alivaa, na baba amekufa."

Hilo ndilo lililomuuma Feresita, kuliko simu yenyewe. Alimtazama mwanawe, shingo ile, macho yale mekundu ya mtu ambaye hajaonja usingizi, na funguo za Fuso zinazoning'inia kwenye mkanda wake. Kesho kutwa angekuwa barabarani tena.

"Kinyago tutabadilisha, na wewe utapimwa upya, mashine irekebishwe ikufae," alisema. "Sista Nabirye amekwisha niambia hairithiwi kama koti. Lakini kaburini haiingii. Anayetaka kuizika anizike nayo."

Akaingia ndani, akaketi mlangoni pa chumba ambamo mashine ilikuwa. Wanawake wa kanisa walikuja kuketi naye. Mmoja wao alikuwa yule mama wa benchi. Alileta mkeka wake mwenyewe, akautandika kuziba mlango wote.

Mazishi yalikuwa siku iliyofuata, nyumbani, kando ya kahawa yake. Watu walikuja kutoka Bwera na ng'ambo ya mpaka. Wanajeshi wastaafu walikuja na Oryem. Mchungaji aliongoza sala. Alisema ndugu yetu amelala, amelala kwa amani, na sisi tunalilia usingizi wake. Feresita aliinua mkono. Halikuwa jambo la kawaida, lakini mchungaji alimpa nafasi.

"Mchungaji, neno hilo ni la Mungu, na siku ya kuamshwa naingojea kuliko mtu yeyote hapa," Feresita alisema. "Lakini leo naomba likae pembeni kidogo. Mume wangu hakulala. Amekufa. Kulala alikuwa anakujua tofauti na ninyi. Alikutafuta kwa taabu miaka mingi, mkamwita mwongo, nami nilikuwa mmoja wenu. Mkamwita mchawi. Alifundishwa kulala kama mtoto anavyofundishwa kutembea, akajua, akalala kwenye kitanda chake mwenyewe, na pumzi yake niliisikiliza ikienda na kurudi bila kukatika. Hilo halikumuua. Kilichomuua ni miaka aliyokaa bila hilo. Na kama kuna mtu hapa anakoroma na halali, asione haya. Aende. Kuna sista Bwera anaitwa Nabirye, yule pale amevaa buluu. Nimemaliza."

Oryem, aliyekuwa amesimama nyuma ya jeneza, alisema kwa sauti ya kambini, si kwa ukali, "Dereva. Umesikia afande?"

Benon aliinuka. Alifungua mkanda, akatoa funguo za Fuso, akazipitisha mbele ya baba yake mkubwa na kuziweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Mpaka nipimwe," alisema.

Tsongo alizitazama funguo zile. Kisha akaenda mwenyewe kushika kamba ya jeneza upande wa kichwa, kama kaka mkubwa anavyopaswa.

Walilishusha. Wastaafu walipiga saluti. Mchungaji alichukua udongo akasema Kezironi Kathembo amekufa, na tunamkabidhi kwa Bwana atakayemwamsha. Feresita alitupa udongo wake, Benon akatupa, Olivia akatupa, Tsongo akatupa, kisha vijana wakachukua makoleo. Waliimba mpaka shimo likajaa na udongo ukasawazishwa. Waliweka msalaba wa mbao wenye jina lake. Watu wakanawa mikono kwenye beseni lililowekwa kando ya njia, wakala maharage na bundu, yaani ugali wa muhogo, na kabla ya jioni wengi walikuwa wamekwenda.